Tochi ya kuogelea kwa snokeli usiku: mbili nilizoziacha na moja niliyobaki nayo

Kwa misimu kadhaa sasa nimekuwa nikiogelea usiku juu ya miamba ya matumbawe nikiwa na miwani ya kuzamia, mrija wa kupumulia (ndio snokeli) na tochi, na katika muda huo tochi tatu zimepita mikononi mwangu. Ya kwanza iliingia maji. Ya pili ilikuwa na mwanga mkali kuliko zote, nami niliiacha baada ya kuitumia mara chache tu. Ya tatu, ambayo mwanga wake ni theluthi moja ya ile ya pili, ndiyo ninayoingia nayo majini hadi leo. Ninaandika tathmini hii kwa sababu karibu kila anayetaka kununua tochi ya namna hii huanza kwa kuuliza ina lumeni ngapi, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, na swali hilo, ingawa lina nafasi yake, limewafanya watu wengi wanunue kifaa kisichowafaa.

Jambo la kwanza ninaloomba msomaji alizingatie ni kwamba tochi nyingi za chini ya maji hutengenezwa kwa kumfikiria mzamiaji wa mtungi wa hewa, wala si mtu wa snokeli. Mzamiaji wa mtungi hushuka hadi kwenye mwamba wenyewe, huielekeza tochi ndani ya pango au ufa, na tochi hiyo hukaa majini tangu anapozama hadi anapoibuka. Mtu wa snokeli huelea juu. Kitu anachokitazama kipo chini yake mita 2, 3 au 5, na mara chache tu huvuta pumzi na kushuka ili akione kwa karibu. Mawimbi humsogeza apende asipende. Na kila baada ya dakika chache huinua kichwa ili aone ufukwe uko wapi na mwenzake yuko wapi, na tochi huinuka naye hewani. Hali hizo tatu, yaani umbali kati ya jicho na mwamba, mwili usiotulia, na tochi inayoingia na kutoka majini, ndizo zinazopaswa kuamua ununue nini, na hakuna hata moja kati ya hizo inayoandikwa kwenye kasha la tochi.

Upana wa mwale ndilo jambo lililonichukua muda mrefu zaidi kulifahamu. Watengenezaji huutaja kwa nyuzi: nyuzi 8 au 10 ni mwale mwembamba unaokwenda mbali, na nyuzi 120 ni mwanga uliotandazwa kwa ajili ya kupiga video. Mara nyingi kipimo hicho ni cha hewani. Mwanga unapotoka kwenye kioo bapa cha tochi na kuingia majini hupinda kuelekea katikati, kwa sababu mwendo wake majini ni mdogo kuliko hewani kwa uwiano wa 1.33, na kwa hiyo mwale wa nyuzi 10 hubaki na nyuzi zipatazo 7.5, na ule wa nyuzi 120 hubaki na nyuzi zipatazo 81. Chukua sasa mwamba ulio mita 4 chini yako. Mwale wa nyuzi 10 utachora juu yake duara lenye kipenyo cha nusu mita tu, kama mdomo wa beseni la kufulia. Mwale wa nyuzi 25, ambao majini huwa kama nyuzi 19, utachora duara la mita 1.3, na ule wa nyuzi 120 utatapakaa kwenye eneo lenye upana wa karibu mita 7, na mwanga uleule utakuwa umegawanywa mahali pote hapo hadi ukawa hafifu.

Nusu mita ni ndogo mno kwa mtu anayeyumbishwa na maji. Niliwahi kuazima tochi ya mwale mwembamba kutoka kwa rafiki mzamiaji, na kwa saa nzima nilikuwa kama mtu anayesoma ukurasa kwa kuutazama kupitia tundu la ufunguo: nilimwona mkunga kichwa bila mkia, kisha wimbi likanisogeza nikaona mchanga mtupu, na nilipomrudia alikuwa amekwisha kujirudisha ndani ya tundu lake. Tochi hiyohiyo mikononi mwa mwenyewe, aliyekuwa ametulia karibu na mwamba, ilikuwa bora kabisa.

Mwanga mpana nao una adhabu yake, na adhabu hiyo niliionja kwa tochi yangu ya pili, ambayo ilikuwa taa ya video ya lumeni 3000. Usiku wa kwanza niliiwasha kwa nguvu yote nikiwa nimeinyoosha mbele ya uso, na maji yote yakageuka meupe. Chembe za mchanga, vipande vya mwani na wadudu wadogo wa baharini, ambavyo kila siku viko majini bila kuonekana, viliwaka vyote kwa pamoja kati yangu na mwamba na kuurudisha mwanga machoni, jinsi ukungu unavyomrudishia dereva mwanga wa taa kali za gari. Nilipunguza mwanga hadi kiwango cha chini kabisa, na hapo ndipo mwamba ukaonekana. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimenunua lumeni 3000 ili nizizime. Dawa ya tatizo hili ni kuutenga mwanga na jicho: shikilia tochi chini ya kifua au pembeni, mkono ukiwa umenyooka, ili chembe zinazomulikwa zisiwe kwenye mstari uleule unaotazama. Kwa sababu hiyohiyo siipendekezi tochi ya kufungwa kichwani kwa kazi hii, hata kama imethibitishwa kuingia majini, kwa kuwa hukaa sentimita chache tu juu ya macho.

Tochi niliyobaki nayo ni ya alumini, inatumia betri moja ya lithiamu ya ukubwa wa 21700, mwale wake hewani ni wa nyuzi 25, na ina viwango vitatu: lumeni 1000, 400 na 100. Naweza kusema bila kusita kwamba sehemu kubwa ya muda wangu majini huutumia katika kiwango cha 400. Jicho la binadamu halihesabu mwanga kwa kujumlisha. Lumeni 1000 hazionekani kuwa mara mbili na nusu ya 400, bali huonekana kuwa zimezidi kidogo tu, na usiku, jicho likiwa limekwisha kuzoea giza, tofauti hiyo huwa na maana ndogo kuliko mtu anavyodhani anapoisoma dukani. Lumeni 100 huzitumia ninapovuka eneo la mchanga au ninapomkaribia samaki aliyelala. Zile 1000 huziwasha pale maji yanapokuwa safi sana na mwamba umeshuka zaidi ya mita 6, au ninapotaka kumwonyesha mwenzangu nilipo. Kama tochi ingekuwa na kiwango kimoja tu cha 1000, nisingeichukua hata kwa zawadi.

Uwezo huu wa kupunguza mwanga una faida kwa viumbe pia. Tunasema mtu ana usingizi wa pono, na ukweli wa msemo huo utauona kwa macho yako usiku: pono amejibanza kwenye ufa, na baadhi ya aina zake hujifunika kwa mfuko mwembamba wa ute unaotoka mdomoni, kama chandarua cha kioo, na mchanga mwembamba ukiwa umetua juu yake. Ukimmulika ghafla kwa mwanga mkali, hata huyo huamka, hupasua mfuko wake na kukimbia ovyo, akigonga matumbawe, gizani, mahali ambapo wawindaji wanamsubiri. Mimi huweka ukingo wa duara la mwanga juu yake, si kitovu, na humtazama kwa muda mfupi kisha nikaondoka. Tochi yenye mwanga unaofifia taratibu kuelekea pembeni hurahisisha jambo hili. Ile yenye duara lililokatwa kama kwa mkasi haikupi nafasi hiyo. Tochi yangu ina kitovu chenye mwanga zaidi na pembezoni laini, na baada ya kuzilinganisha naona huo ndio umbo linalomfaa mtu wa snokeli kuliko mengine yote.

Kuhusu betri, kuna hesabu ndogo ambayo kila mnunuzi anaweza kuifanya kabla ya kutoa pesa, nayo hufichua uongo mwingi. Majina 18650 na 21700 yanatokana na vipimo: ya kwanza ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, ya pili milimita 21 na 70. Betri nzuri ya 18650 hubeba kati ya miliampea-saa 2500 na 3500, na nzuri ya 21700 kati ya 4000 na 5000. Ukiona 18650 iliyoandikwa 9900, ujue kwamba hiyo ni karatasi tu iliyobandikwa. Zidisha uwezo huo kwa volti 3.6, kisha ugawe kwa 1000, upate nishati: miliampea-saa 5000 ni wati-saa 18. Taa nzuri ya LED huhitaji kama wati 10 ili kutoa lumeni 1000, kwa hiyo betri hiyo itaiwasha kwa muda usiofika saa mbili. Ukikutana na kasha linaloahidi lumeni 5000 kwa saa nne kwa betri moja ya 18650, yenye wati-saa 12 hivi, huna haja ya kuijaribu tochi hiyo. Hesabu imekwisha kuikataa.

Hata tochi za kweli zinahitaji kusomwa kwa makini, kwa sababu maana ya muda wa kuwaka si ile anayoifikiria mnunuzi. Kiwango cha Marekani kiitwacho FL 1, kilichotolewa mwaka 2009 na ambacho watengenezaji wengi hukifuata, hupima muda tangu sekunde 30 baada ya kuwasha hadi mwanga uliposhuka na kubaki asilimia 10 tu. Tochi inayoanza na lumeni 1000, ikaporomoka hadi 200 ndani ya dakika 20, kisha ikajikokota kwa saa tatu hadi kufikia 100, inaruhusiwa kuandikiwa zaidi ya saa tatu. Kwa hiyo tafuta mchoro unaoonyesha jinsi mwanga unavyoshuka kwa muda. Mstari uliolala sawa kwa muda mrefu ndio unaoutaka. Yangu, katika kiwango cha 400, hukaa sawa kwa zaidi ya saa tatu, na safari yangu ya usiku haizidi dakika 70. Ziada hiyo ni ya makusudi, kwani hakuna anayepaswa kurudi ufukweni akihesabu dakika za betri.

Sasa nije kwenye tochi yangu ya kwanza, ile iliyoingia maji. Ilikuwa ya plastiki, ilitumia betri nne za kawaida za alikali, na iliwashwa kwa kuzungusha kichwa chake. Ilinitumikia vizuri, na hadi leo siwezi kusema kwamba aina hiyo ni mbaya: betri zake hupatikana popote, mwili wake hauliwi na chumvi, na nyingi huelea. Tatizo lake kwangu lilikuwa moja. Kuwasha na kuzima kwa kuzungusha kichwa maana yake ni kwamba mlango uleule unaozuia maji ndio swichi, na kila unapoizima ukiwa majini unakuwa umeulegeza mlango huo kidogo. Usiku mmoja niliizima ili niangalie giza, nikaiwasha tena, na baada ya dakika chache nikaona mstari wa maji ukicheza nyuma ya kioo, ukipanda na kushuka kila mkono wangu uliposogea. Mwanga ukawa wa manjano, kisha wa kahawia, kisha ukafa, nikarudi kwa kufuata mwanga wa mwenzangu.

Nilipoifungua nyumbani nilikuta sababu ambayo ingetosha hata kama nisingeizungusha: unywele mmoja, mfupi kama kope, ulikuwa umelala juu ya pete ya mpira, ile ambayo mafundi huiita oringi, na pembeni mwake mstari mwembamba wa chumvi ukionyesha njia maji yalipopitia. Tangu hapo nimekuwa mtu wa pete za mpira. Huzitoa kwa ncha ya kadi ya plastiki, kamwe si kwa kitu cha chuma kinachoweza kuzikwaruza. Huzipitisha katikati ya vidole viwili nikiwa nimefumba macho, kwa sababu ngozi ya kidole huhisi mchanga ambao jicho halioni. Huufuta mfereji zinamokaa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Kisha huzipaka grisi kidogo sana, kiasi cha kung'aa tu. Grisi nyingi si ulinzi bali ni mtego wa mchanga. Jambo jingine linalosahaulika ni aina ya mpira: grisi ya silikoni huifaa pete ya mpira wa nitraili, lakini pete iliyotengenezwa kwa silikoni yenyewe huvimba ikipakwa grisi hiyo, kwa hiyo tumia ile iliyotajwa na mtengenezaji. Tochi yangu ya sasa ina pete mbili kwenye mlango wa betri, na nilipoinunua nilihakikisha kwamba pete za akiba zimo ndani ya kasha.

Kabla ya kuiamini tochi mpya, ifungie karatasi laini ya kufutia badala ya betri, izamishe katika ndoo ya maji usiku kucha, na asubuhi uikague karatasi hiyo. Jaribio hilo halikuambii habari za kina kirefu, lakini huzifichua zile zilizofungwa vibaya kiwandani, na ni bora kuzigundua kwenye ndoo. Usidhani kwamba maji ya kina kifupi ni salama zaidi kwa tochi. Shinikizo la maji huisukuma pete ya mpira ikaze, na karibu na uso shinikizo hilo ni dogo, kwa hiyo pete iliyokaa vibaya inaweza kuvuja palepale juu ambapo mtu wa snokeli hutumia muda wake wote.

Alama za uthibitisho zinahitaji maneno machache tu. IPX7 maana yake ni kwamba kifaa kilistahimili kina cha mita 1 kwa dakika 30, nayo haitoshi. IPX8 ni ya kuzamishwa zaidi ya hapo, lakini kina na muda hutajwa na mtengenezaji, hivyo alama hiyo bila namba ya mita haina maana kubwa. Tafuta tochi iliyoandikwa wazi kuwa ni ya kuzamia, yenye kina cha mita 50 au zaidi. Si kwa sababu utafika huko, bali kwa sababu mtu aliyeijenga kwa ajili ya mita 50 aliifikiria milango yake kwa uangalifu.

Swichi ndiyo iliyonifanya nichague tochi yangu ya sasa badala ya nyingine iliyolingana nayo kwa kila kitu. Ni kitelezi chenye sumaku: sumaku iko nje, kihisio kiko ndani, na hakuna tundu lolote lililotobolewa kwenye mwili wa tochi ili kuviunganisha. Naisukuma kwa kidole gumba cha mkono uleule ulioishika, nikipita kutoka 100 hadi 400 hadi 1000 kwa mpangilio uleule kila mara, na hata nikiwa nimevaa glavu nahisi kila kituo. Vitufe vya kubonyeza vinavyobadilisha viwango kwa mzunguko vina kero yake: unataka kupunguza, lakini lazima upite kwanza kwenye mwanga mkali kuliko wote, na samaki uliyekuwa ukimnyemelea ameondoka. Kuna tochi zinazozungusha pia mwanga wa kupepesa wa dharura katika kitufe hichohicho, na hilo kwangu ni kosa la usanifu, kwa sababu ishara ya dharura haifai kuwashwa kwa bahati mbaya. Kitelezi nacho kina udhaifu: mchanga huingia chini yake, na nisipokisukumasukuma mbele na nyuma ndani ya maji yasiyo na chumvi baada ya kila safari, huanza kukwaruza.

Joto ndilo jambo ambalo kamwe halikuwa akilini mwangu hadi lile taa la video liliponifundisha. Tochi za kuzamia hupozwa na maji yanayoizunguka. Zikiwashwa hewani kwa nguvu yote, mwili wake hupata moto haraka, na zile zilizotengenezwa vizuri hujipunguzia mwanga zenyewe kwa kutumia kihisio cha joto, ilhali nyingine huungua. Mtu wa snokeli huinua mkono nje ya maji mara nyingi, husimama ufukweni akimsubiri mwenzake avae mapezi, na humulika njia ya kurudi. Taa ile ya lumeni 3000 ilikuwa haishikiki baada ya dakika mbili za kusubiri ufukweni. Yangu ya sasa, katika kiwango cha 100, hukaa hewani bila shida, na hicho ndicho kiwango ninachotembea nacho hadi majini.

Kuhusu rangi, wengi husema kwamba usiku matumbawe huonekana na rangi zake halisi kwa kuwa mwanga unatoka karibu, na ni kweli, lakini kwa mtu anayeelea juu ukweli huo una mpaka. Maji huimeza rangi nyekundu kabla ya nyingine. Mwamba ulio mita 4 chini maana yake ni kwamba mwanga wako umesafiri mita 4 kwenda na karibu mita 4 kurudi, na wekundu mwingi umepotea njiani. Shuka kwa pumzi moja, ukaribie hadi mita 1, na utaona kilichokuwa cha kahawia kikigeuka chekundu kama damu mbele yako. Nilimwona kiti cha pwani akifanya hivyo, mikono yake mitano ikiiva rangi kadiri nilivyomsogelea, na nilipanda na kushuka mara nne ili nione tena. Hapo ubora wa taa huhesabika: yenye mwanga wa kelvini 5000 (namba hiyo ikipanda, mwanga huelekea buluu) na kipimo cha uhalisi wa rangi, kinachoandikwa CRI, cha 90 huonyesha wekundu na manjano vizuri kuliko ile ya buluu-nyeupe ya kelvini 6500 yenye CRI 70. Tochi yangu ni ya aina hii ya pili, na hili ndilo lalamiko langu kubwa dhidi yake. Nyama ya matumbawe laini huonekana kana kwamba imepauka, na najua sivyo ilivyo.

Lalamiko la pili ni kwamba inazama. Alumini na betri ya lithiamu havielei, na kifaa kilichoponyoka mkononi juu ya kina cha mita 12 kimeondoka, kikiwaka kule chini kwa saa tatu pasipo mtu wa kukifuata. Kamba ya kifundo cha mkono iliyokuja nayo ilikuwa nyembamba na kitanzi chake hakikubana, kwa hiyo niliibadilisha kwa kamba pana yenye kikazio. Usiifunge tochi shingoni wala kwenye mrija. Ikinasa kwenye mwamba, unapaswa kuweza kuivua kwa kutikisa mkono mmoja.

Hata uwe na tochi nzuri kiasi gani, usiingie na moja. Ya akiba inaweza kuwa ndogo, ya lumeni 150 hadi 300, mradi iko mahali ambapo mkono unaifikia bila kutafuta, nami huibana kwenye mkanda. Zaidi ya hiyo, kila mtu awe na kitaa kidogo cha kuonekana, cha rangi ya kijani au cha kupepesa polepole, kilichofungwa juu ya mrija au nyuma ya kichwa, kwa kuwa tochi iliyoelekezwa chini haimwonyeshi dereva wa boti kwamba hapo pana mtu. Kubalianeni ishara kabla ya kuingia: kuchora duara kwa mwanga juu ya mchanga ni salama, kupeleka mwanga polepole kushoto na kulia ni nitazame, na kufanya hivyo kwa kasi ni nahitaji msaada. Na usiache mwanga mkali ukilala sambamba na uso wa maji. Mkule, yule samaki mwembamba mwenye mdomo mrefu kama sindano, huvutwa na mwanga na huruka juu ya maji kwa kasi, na watu wamejeruhiwa naye. Elekeza tochi chini.

Kuna tochi zenye taa nyekundu ya ziada, na ningependa yangu ingekuwa nayo. Kaa, kambakoche na pweza wengi huonekana kuuvumilia mwanga mwekundu kuliko mweupe, na jicho lako haliupotezi uzoefu wa giza, ambao huchukua dakika 20 hadi 30 kurudi kikamilifu. Taa za buluu za kuyafanya matumbawe yang'ae kijani na machungwa ni jambo zuri pia, lakini zinahitaji kichujio cha manjano kwenye miwani na haziwezi kuwa tochi yako pekee.

Ukisafiri kwa ndege, betri za lithiamu za akiba hubebwa kwenye mzigo wa mkononi, si ule unaowekwa chini, na tochi yenyewe itolewe betri au ifungwe swichi isiwake ndani ya begi. Tochi ya lithiamu iliyoingia maji ya chumvi ifunguliwe polepole ikiwa imeelekezwa mbali na uso, kwa sababu gesi huweza kujikusanya ndani.

Kwa anayetaka kupiga video, ushauri wangu haumfai. Anunue taa pana na azoee kuishika pembeni. Kwa anayeogelea usiku mara moja kwa mwaka, ile ya plastiki yenye betri za kawaida inatosha, mradi ina swichi isiyogusa mlango. Mimi nitaendelea na yangu hadi mtengenezaji atakapotoa nyingine yenye mwale huuhuu, kitelezi hikihiki, na taa ya kelvini 5000. Siku hiyo nitaibadilisha, na hii itahamia kwenye mkanda iwe ya akiba.